Chumvi ya Zakia, Lawama ya Nyamizi

Zakia binti Abdulwahab, mwenye duka la vyombo hapo Kambarage, Shinyanga mjini, aliharibu jibini kwa mikono yake mwenyewe, kisha akashika kipaza sauti mbele ya wanawake sabini akasema imeharibiwa na Nyamizi. Aliyeharibu ni Zakia. Aliyesimamishwa achekwe ni Nyamizi. Anayetaka kusikia ilivyokuwa, na asikie.

Nyamizi alizaliwa upande wa Kishapu, kwenye mji wenye ng'ombe wengi na usio na daftari hata moja. Kaka zake wawili walipelekwa shule kwa sababu walikuwa wavivu wa kuchunga. Yeye alibakizwa nyumbani kwa sababu alijua kukamua. Ndiyo zawadi ya kujua kazi: unaachiwa wewe. Leo ana miaka arobaini na minane, na akiletewa karatasi anatafuta wino achovye dole gumba. Lakini mletee maziwa. Ataunusa mdomo wa kibuyu tu akuambie ng'ombe alikula nini, yalikamuliwa asubuhi au jioni, na kama aliyekuuzia aliyatia maji.

Aliolewa na Mageni, mwanamume mwenye mabega mapana na ahadi pana kuliko mabega. Mageni alisikia kwamba Geita watu wanaokota dhahabu kama kuni, akauza ng'ombe wanne, wakahamia machimboni. Huko akapata duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, akalichimba miaka mitatu. Duara lilimtolea udongo bila kuchoka. Siku moja ikavuma kwamba kuna duara limetema dhahabu huko upande wa Kahama, Mageni akasema anakwenda kuangalia mara moja tu. Hiyo mara moja sasa ina miaka kumi na saba. Alimwachia Nyamizi mtoto wao Luka, sululu moja, na karai lililotoboka.

Basi Nyamizi akatafuta kazi, akaipata kwa Mgiriki mmoja aitwaye Stavro, fundi wa mitambo ya kuchoronga miamba. Alikuwa mnene, mwenye masharubu, na Jumapili alipenda kuingia jikoni mwenyewe amevaa aproni yenye maua. Majirani walikuwa wakipita dirishani makusudi kuja kumwona mwanamume mzima aliyejifunga maua tumboni. Nyamizi naye alicheka, kwa siri, mpaka siku alipoonja.

Ilikuwa jibini nyeupe, imepondwa pamoja na pilipili hoho zilizochomwa, pilipili kali, mtindi mzito na mafuta. Kwao inaitwa tirokafteri. Nyamizi aliiita jibini ya kuwasha, na Stavro hakuona ubaya. Nyamizi aliichota kwa kipande cha mkate, akatafuna. Moto ulikuja nyuma ya ulimi, baada ya utamu, kama mgeni anayejua kubisha hodi.

"Mama Luka, naona machozi," Stavro akamwambia. "Kali sana?"

"Si kali, bwana. Nalia kwa sababu nimekula maziwa miaka thelathini na hakuna aliyeniambia kwamba yanaweza kuwa hivi."

Miaka sita alikaa kwa Mgiriki yule, na hakuna hatua aliyofichwa. Alijifunza kupasha maziwa ya mbuzi mpaka kidole kivumilie, kutia kidonge cha kugandishia kilichoyeyushwa, kuyaacha yatulie bila kuyachungulia kama mtoto mgonjwa, kisha kuyakata kwa kisu, kuyafunga kwenye kitambaa na kuyaning'iniza kwenye msumari mpaka maji yaishe. Jibini ikishikana hukatwa mapande na kulazwa ndani ya ndoo ya maji ya chumvi. Chumvi kiasi gani? Stavro hakupima kwa mizani. Alitia yai bichi ndani ya maji. Likizama, ongeza chumvi. Likielea, inatosha.

"Hii chumvi ya kulalia," alimwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Si ya kula. Jibini nalala humu hata miezi mitatu. Ukitaka kula, kwanza unaamsha."

Kuamsha maana yake ni kuilowesha kwenye maji matamu tangu alfajiri mpaka jua lipande, na kuyabadilisha yale maji mara mbili. Kwa joto la Shinyanga na umeme unaokwenda na kurudi kama Mageni, isipokuwa umeme hurudi, jibini bila chumvi kali haikai. Na jibini ambayo haijaloweshwa hailiki. Jambo lenyewe ndilo hilo, dogo kama punje ya ulezi, na ndilo lililomvua Zakia nguo.

Mkataba wa Stavro ulipoisha, Nyamizi alirudi Shinyanga na kupanga chumba Kambarage. Mafuta ya zeituni hakuwa na uwezo nayo, akatumia ya alizeti. Mkate ukikosekana, alichovya matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo kwao huliwa na kila mtu. Majirani wakaanza kuja na vibakuli. Zakia akaja na daftari.

Zakia, mama yake Yasmini, ni mwanamke wa mjini barabara. Anauza vyombo, anafunga kilemba kinachofika mlangoni kabla yake, na anafundisha mapishi kwenye simu, pale anapojirekodi akisema "wapenzi wangu" kwa watu asiowajua. Alipoonja jibini ile, alimshika Nyamizi mkono.

"Dada yangu, wallahi mkono huu una baraka. Nifundishe. Mimi si mwizi wa fadhila, nitakutaja popote."

"Mama Yasmini, mapishi hayaibiwi. Njoo tu Jumanne."

Akaja Jumanne nne. Alikuja saa nne asubuhi, muda ambao Nyamizi alikwisha kuwa macho tangu alfajiri, jibini imeloweshwa, imechujwa, inamsubiri mwanafunzi kwenye sinia. Zakia alizikuta hoho juu ya mkaa, ngozi zikipasuka na kuwa nyeusi. Akaandika. Akaona zinafunikwa kwenye sufuria zitoe jasho, kisha zinamenywa kwa vidole.

"Si uzioshe tu kwa maji, tumalize?"

"Ukiziosha unaosha na moshi wake. Utakula hoho ya hospitali."

Akaandika na hilo. Akaandika pilipili kali tatu bila mbegu, mtindi uliochujwa, mafuta yakitiwa kidogo kidogo huku uma ukiponda, limau mwishoni. Habari ya kulowesha Nyamizi alimwambia mara mbili. Mara ya kwanza Zakia alikuwa anajibu simu. Mara ya pili alikuwa anajitengeneza kilemba apige picha na sinia. Daftari lile lina kurasa nane za mapishi ya jibini na mahali pa kuiamsha hapamo. Wasomi wana dosari hiyo: kisichoandikwa kwao hakipo.

Ikafika Shaabani, mwezi wa harusi za kuwahi Ramadhani. Binti mmoja wa mtaani, Mwamvua, alikuwa anaolewa, na mama zake wakamwita Zakia awe mwalimu wa mapishi kwenye kicheni pati. Zakia akaja chumbani kwa Nyamizi na maneno ya asali.

"Nahitaji ndoo nzima. Tutaandaa pamoja, halafu nikishika kipaza sauti nakuita mbele. Nitasema, huyu ndiye aliyenifundisha. Na Bernadina atakuwepo, nimemwalika kwa ajili yako."

Nyamizi aliposikia jina la Bernadina moyo ulimruka. Bernadina ana nyumba ya kulaza wageni kwenye njia ya Kolandoto. Mpishi wake alikuwa amehama, naye alikuwa amekwisha kumwambia Nyamizi waziwazi: "Nimesikia sifa zako. Nikikionja chakula chako mbele ya watu na watu wakakisifu, jiko ni lako." Jiko lenye sinki. Jiko lenye jokofu na jenereta. Mwanamke aliyepika miaka thelathini akiwa amechuchumaa alikuwa anaitwa kupika amesimama. Angekataaje ndoo?

Ijumaa Zakia akamtuma Akida wa bodaboda kuichukua ndoo. "Mama Yasmini anasema uje kesho saa mbili," Akida alisema, "muandae wote."

Jumamosi saa mbili kamili Nyamizi alikuwa mlangoni kwa Zakia na malimau kwenye kikapu. Akaikuta kazi imekwisha. Juu ya meza palikuwa na mabakuli matatu makubwa ya jibini ya kuwasha, rangi ya waridi, yamepambwa kwa kotimiri na kufunikwa. Zakia alianza mara tu baada ya adhana ya alfajiri akaipika peke yake, asije mtu akamwona Nyamizi anaongoza.

"Umewahi, mama Yasmini."

"Kazi haina kesho, dada."

"Sasa uliilowesha saa ngapi?"

Zakia akamtazama kama anayetazama mteja asiye na hela.

"Niiloweshe nini? Jibini si ilikuwa ndani ya maji tangu kwako?"

Nyamizi akatua kikapu chini. "Mama Yasmini, yale ni maji ya chumvi. Yai linaelea mle. Umeonja?"

"Nimefunga. Nalipa siku zangu za Ramadhani."

"Basi nionje mimi. Mimi sikufunga."

"Ala! Uichovye kidole na nimekwisha kuipamba? Dada Nyamizi, usiniletee mkosi. Hebu nenda nyuma ukasaidie sahani, nitakuita wakati ukifika."

Kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, hata mashehe wanampa nafasi mpishi, ila Zakia siku hiyo alikuwa amewapita mashehe wote uchamungu. Saumu ile ilimzuia kuonja. Kusema uongo haikumzuia, kama tutakavyoona.

Ukumbi ulijaa. Wanawake wamevaa sare ya zambarau, Mwamvua amefunikwa kanga katikati yao kwenye kiti cha dhahabu ya plastiki. Bernadina alikaa mstari wa pili, miwani puani, kipande cha mkate tayari mkononi. Nyamizi alikuwa mlango wa nyuma karibu na karai la vyombo, mahali anapoona yote na haonekani na yeyote.

Zakia akasimama. Kilemba kikasimama naye.

"Wapenzi wangu, leo nawaletea jambo la Ulaya. Hii ni jibini ya Kigiriki. Niliisomea Dar es Salaam, hotelini, kwa shefu Mgiriki aliyeniambia, Madamu Zakia, wewe una ulimi wa kwetu."

Nyamizi alisikia shefu, akasikia hoteli, akasikia Dar es Salaam. Jina lake alilisubiri. Stavro wa watu, na aproni yake ya maua, alikuwa amepandishwa cheo na kuhamishiwa pwani kwa sentensi moja.

Vigelegele vikapigwa, sinia zikapita, watu wakachota kwa pupa, maana cha Ulaya hakiliwi kwa haya. Kisha taya zikasimama. Mmoja akakohoa. Mwingine akatafuta maji. Bi harusi, aliyeambiwa asifunue uso, aliufunua. Wa kwanza kusema alikuwa bibi Tabu, shangazi yake Mwamvua, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Mwalimu! Hii ni ya kula sisi, au ya kulambisha ng'ombe?"

Kicheko kikalipuka.

"Jamani mnicheke taratibu," bibi Tabu akaendelea, "nina presha, na hapa nimelishwa mgodi mzima wa chumvi!"

Hapo ndipo Zakia alipotakiwa kuchagua. Angeweza kusema, wenzangu, nimekosea, nimefunga sikuonja. Wangecheka, wangemsamehe, na kesho yake wangesahau. Badala yake aligeuza shingo polepole mpaka kwenye mlango wa nyuma.

"Samahanini sana wapenzi wangu. Nina dada wangu wa kazi, nilimwachia dakika mbili tu, kanimwagia chumvi. Hajasoma, masikini, hawezi kusoma vipimo. Dada Nyamizi! Simama hapo katikati wakuone. Msimseme sana, jamani."

Sasa ameitwa mbele, kama alivyoahidiwa. Akasimama na povu mikononi, wanawake sabini wakimtazama. Hakuwahi kuwa dada wa kazi wa Zakia hata siku moja. Alifungua mdomo aseme, mwongoza shughuli akafungulia muziki, bibi Tabu akapita anacheza na kijiko juu ya kichwa, na maneno ya Nyamizi yakabaki na mwenyewe. Alimtazama Bernadina. Bernadina alikuwa anaufungia ule mkate kwenye karatasi, taratibu, kama mtu anayetafuta pa kuutupa.

Jumatatu Nyamizi alipanda gari mpaka njia ya Kolandoto, bakuli mapajani. Jibini aliiamsha tangu alfajiri.

"Mwangaluka, mama Bernadina," Nyamizi alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Keti." Bernadina alilitazama bakuli kwa mashaka. "Ndiyo ile?"

"Ndiyo ile, ikiwa imeloweshwa."

Bernadina alionja kwa ncha ya kijiko. Akaonja tena kwa kijiko kizima. Akamwagiza binti wa mapokezi alete matobolwa, na kutoka hapo akachota mpaka chini ya bakuli palipoonekana.

"Wabeja," akashukuru mwishoni, akijifuta midomo. "Nilijua yule mwanamke anadanganya. Mtu asiyejua kupika hawezi kuchoma hoho hivi."

"Basi jiko?"

Bernadina alivua miwani. Watu wakivua miwani, habari njema huwa imekwisha kuondoka.

"Mama Luka, mimi naamini ulimi wangu. Lakini wageni wangu wengi wanaletwa na wanawake walewale uliowaona ukumbini. Jana tu mmoja ameniuliza, eti unamchukua yule wa chumvi? Wamekwisha kukupa jina. Mama Yasmini aseme yeye mwenyewe, hata kwenye kikundi chao cha simu, kwamba kosa lilikuwa lake. Akisema leo, kesho unaanza. Nitakungoja mpaka Ramadhani iandame."

Nyamizi hakupitia nyumbani. Alishuka Kambarage na kwenda moja kwa moja dukani kwa Zakia, akamkuta ameketi katikati ya masufuria yanayong'aa.

"Karibu dada! Nilitaka kukutafuta. Nimepata shughuli nyingine ya Mwanza, nahitaji ndoo. Na ile habari ya kulowesha, hebu nieleze vizuri, ni masaa mangapi?"

Alikuwa amelifungua daftari. Kweli kabisa, na kalamu mkononi.

"Mama Yasmini, nimekuja kwa neno moja. Waambie wale wanawake ukweli."

"Ukweli upi?"

"Kwamba aliyekufundisha ni mimi, na aliyeiacha na chumvi yake ni wewe."

"Ah, dada, una moyo wa karatasi. Ule ulikuwa utani wa shughuli. Nani anakumbuka?"

"Bernadina anakumbuka. Jiko limesimama kwa ajili ya huo utani."

Zakia akafunga daftari. Akanyanyuka, akavuta doti ya kanga mpya kutoka rafuni, akaiweka juu ya meza na kuisukuma mbele kwa vidole viwili.

"Chukua hii. Tufute."

"Kanga ninazo."

"Sasa unataka nini? Nijivue nguo mbele ya mji mzima kwa ajili ya chumvi? Mimi nina jina, dada Nyamizi. Wewe ukisemwa umepoteza nini?"

Swali lile alilisema bila hasira, kama anayeuliza bei. Nyamizi aliisogeza ile kanga ikarudi ilikotoka.

"Jibini inaloweshwa, mama Yasmini. Muda gani, mara ngapi, kwa maji gani, umuulize shefu wako wa hotelini. Si ulisoma kwake?"

"Utajuta. Nani atanunua jibini yako?"

"Na wewe utapika nini Mwanza?"

Zakia kwenda Mwanza alikwenda. Aliilowesha jibini ya kununua, kwa siku mbili nzima na bila kubadilisha maji, ikatoka laini kama uji wa mgonjwa, na inasemekana watu wa huko aliwaambia kwamba msichana wa kazi aliiacha juani. Msichana wa kazi wa Zakia ana taabu nyingi kwa mtu ambaye hajawahi kuajiriwa.

Mwezi wa Ramadhani uliandama. Bernadina alingoja siku tatu zaidi, kwa uungwana wake, kisha akamchukua mwanamke kutoka Mhunze anayejua pilau na ndizi. Jokofu lina mwenyewe, jenereta ina mwenyewe. Nyamizi bado anachuchumaa kwenye jiko lake la mkaa, na wanawake walewale waliocheka hutuma watoto na vibakuli, jioni, kwa mlango wa uani. Anawapa. Jibini haina kosa, na watoto hawakuwepo ukumbini.

Ndoo yake ilirudishwa na Akida ikiwa tupu, hilo amesamehe. Saa alizofundisha bure amesamehe. Bibi Tabu alishakuja mwenyewe kuomba radhi, akala vibakuli viwili na kusamehewa kabla hajamaliza cha kwanza. Aliyebaki ni Zakia binti Abdulwahab. Anadaiwa sentensi moja, kwa mdomo wake, mbele ya wanawake wale sabini: "Nilifundishwa na Nyamizi, na chumvi ilikuwa yangu." Mpaka leo hajaisema.